Nyumba Imefungwa, LUKU Inaisha: Stori ya Umeme wa Bukoba na Muleba Ambayo Hukuambiwa

Wadau wa Bukoba, Muleba na nyie mlioko Dar mnaojifanya mmesahau kwenu, leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Leo ni umeme. Najua kuna mtu kashaguna, ila subiri kwanza, maana humu ndani kuna vita, kuna bosi mmoja jina kapuni mwenye jumba la maana kule Muleba, na kuna kijana aliyefukuzwa kwa kuitwa mwizi wa uniti. Hiyo ya bosi tutaifikia taratibu. Ukiruka mbele utakosa utamu.

Tuanze na hii. Kifaa cha umeme kilichoifanya Bukoba ipiganiwe hakikuwa taa. Kilikuwa redio. Si redio ya kusikilizia muziki, ni kituo cha simu ya upepo, yaani kutuma na kupokea habari bila waya. Wajerumani walikuwa Bukoba tangu mwaka 1890, Emin Pasha alipokuja kuanzisha kituo pale ziwani, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakawa wamesimamisha mlingoti wao wa chuma. Mashine ya aina ile haifanyi kazi bila mtambo wake wa umeme. Kwa hiyo hata kabla babu zetu hawajaona balbu nyumbani kwao, tayari kulikuwa na umeme pale mjini, na kazi yake kubwa ilikuwa moja: kukaa macho na kusubiri habari ije. Likumbuke hilo neno, kusubiri. Tutalirudia.

Waingereza waliokuwa ng'ambo ya ziwa hawakuupenda kabisa ule mlingoti. Juni 1915 wakapanda meli Kisumu, wakavuka, wakapigana siku tatu, tarehe 21 mpaka 23. Wakauteka mji, wakauangusha mlingoti, wakapora walichopora, halafu wakapanda meli zao wakaondoka. Yaani hawakuja kukaa, mazee. Walikuja kuzima kifaa.

Sasa kwenye lile jeshi kulikuwa na mzee mmoja wa miaka 63, mwindaji maarufu, anaitwa Frederick Selous. Ndiyo, huyo huyo wa Pori la Akiba la Selous. Aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, upande wa Rufiji, na pori likabaki na jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani yake ndipo kulipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024. Unaona mchezo? Mtu aliyekuja kuizima Bukoba ndiye aliyeacha jina mahali unapotoka umeme mwingi kuliko kote nchini. Na cha kuchekesha zaidi, siku bwawa lile linaanza kuwasha taa za wenzetu, Bukoba ilikuwa bado haijaungwa na gridi ya taifa. Sisi tulikuwa tunakula umeme wa Uganda.

Wengi wa umri wangu hatukuwa tunajua hili tukiwa wadogo. Umeme ukikatika tunalaumu transfoma ya mtaani, kumbe shida inaweza kuwa imeanzia nchi nyingine.

Iko hivi. Mto Kagera unaanzia milima ya Burundi na Rwanda, unapita mpakani kwetu Ngara, unashuka Karagwe, unapita Kyaka, unachungulia Uganda kidogo halafu unaingia Ziwa Victoria. Ndiyo mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji kwenye lile ziwa. Maji ya ziwa yana mlango mmoja wa kutokea, nao ni Jinja, ambako yanaanza kuitwa Nile. Hapo Jinja Waingereza walijenga bwawa la Owen Falls, likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Siku hizi linaitwa Nalubaale. Kwa hiyo maji yanapita Kyaka mbele ya macho yetu, yanaenda Uganda, yanazungusha mitambo, halafu umeme wake unarudi kwa nguzo, unapita Masaka, unavuka Mutukula, unatua kituo cha umeme cha... Kyaka. Pale pale maji yalipopita. Tunauziwa nguvu ya maji yetu wenyewe, na sisemi kwa ubaya, wenzetu walijenga bwawa na sisi hatukujenga.

Na Kyaka si jina dogo. Wazee wakilisikia wanakumbuka daraja. Oktoba na Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, yakashika ardhi yote ya kaskazini ya mto, Amin akatangaza kuwa sasa ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu wa Misenyi walirudi kwenye nyumba zisizo na mabati. Haikupita miaka 20, kwenye njia ile ile walikopita askari, zikasimamishwa nguzo za umeme kutoka kwa jirani yule yule. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo Bukoba mjini ilikuwa inaendeshwa na jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe ilitakiwa kusafirishwa mpaka huku mwisho wa nchi. Ukimpata mzee wa Bilele au Miembeni anayekumbuka ratiba ya zile jenereta, mnunulie kahawa umsikilize, hiyo ni historia ambayo wengi hatukuandikiwa.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 ndipo ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Mpaka hapo mtu alikuwa anatumia kwanza, bili inakuja baadaye, na bili ikimshinda anakatiwa, au anajuana na mkataji. LUKU ikageuza kila kitu. Sasa unalipa kabla, unaingiza tarakimu 20, na sanduku ukutani linakuhesabia mpaka linaanza kupiga kelele. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akaweza kuona umeme ukipungua kwa macho yake. Mimi naona hili jambo halijapewa heshima yake. Kabla ya LUKU umeme ulikuwa kama maji ya ziwa, upo tu. Baada ya LUKU umeme ukawa kama vocha.

Na kwa vile tunahesabu kama vocha, ni vizuri kujua vocha yenyewe inauzwaje. Bei tulizozoea ni zile zilizoanza Aprili 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, anatozwa shilingi 100 kwa uniti akiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Mteja wa kawaida, kundi la T1, ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Hapo ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Ukipiga mahesabu unapata 122 kwa mdogo, 427 kwa zile za ziada, na 356 kwa wa kawaida. Uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizo hizo 75 kwa T1 ni kama 26,700. Nyumba ileile, friji lileile. Tofauti ni kundi uliloandikwa, na ukizoea kuvuka 75 unahamishwa kundi. Hapo ndipo vitu vidogo vinapoanza kuwa vikubwa.

Vitu vidogo vyenyewe vimeingia lini? Mimi naanzia kwenye king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar ilizima mitambo ya analojia, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Mpaka hapo, TV ya kichogo ukiizima kwa kitufe chake imezimika, habari imeisha. Baada ya hapo kila sebule ikapata kiboksi cheusi chenye taa nyekundu kisicholala. Ukizima kwa rimoti kinajifanya kimelala tu, kinasubiri. King'amuzi kinachokula wati 12 mchana na usiku, kwa mwezi kinamaliza uniti 8.6. Hicho ni kifaa kilichokuwa kinakula umeme kwenye nyumba zetu wakati hakuna mtu anayekitazama. Mlingoti wa Mjerumani ulirudi, safari hii kila nyumba na wake.

Baada ya king'amuzi ikaja ruta ya waifai. Halafu kamera za ulinzi. Halafu balbu unazoziwasha kwa simu, soketi zinazojizima, spika unayoiongelesha kama mtu, geti la rimoti, kengele ya mlangoni yenye jicho. Nyumba janja. Ukiingia mitandaoni kila staa anakuonyesha sebule inabadilika rangi, na sisi huku chini tunaweka alama ya moyo.

Sasa tumfikie bosi.

Huyu bosi ni mtoto wa Muleba, biashara zake ziko Dar, mnamjua ila hamtamjua hapa. Kama wenzake wengi wa huku, kajenga kwao. Nyie mnaijua tabia yetu Wahaya, mtu anaweza kupanga mjini miaka 20 lakini kijijini lazima pasimame jumba, kwa ajili ya Krismasi, misiba na heshima. Desemba magari yanajaa barabara ya Kamachumu na Nshamba mpaka unadhani mji umehama. Januari tarehe 5 kimya. Nyumba inafungwa miezi 11.

Ya bosi ilifungwa kwa kisasa. Kamera nne nje, mashine ya kurekodi ndani, ruta, taa janja karibu kila chumba, spika mbili, TV kubwa na king'amuzi chake. Yeye akiwa Dar anafungua simu anaona mpaka kuku wa jirani. Kumwangalizia aliachiwa mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 20 na kitu, analala chumba cha nje. Kila mwezi bosi anatuma elfu 30 ya LUKU, na kila mwezi kabla haujaisha kijana anapiga simu: "Baba mdogo, umeme umeisha."

Mwezi wa kwanza bosi alicheka. Wa pili akauliza. Wa tatu akaanza kusikia maneno. Kwamba dogo anauza barafu. Kwamba dogo anachajisha simu za kijiji kizima. Kwamba usiku kuna pasi inapigwa mle. Dogo anajitetea, "Baba mdogo, nakuapia unaisha wenyewe," lakini hilo nalo ni jibu gani? Umeme unaishaje wenyewe kwenye nyumba iliyofungwa? Kamera zenyewe hazikuonyesha mteja hata mmoja wa barafu, ila bosi alishaamua. Kijana akafukuzwa. Akaja Bukoba, akaomba pikipiki ya mkataba, sasa hivi yuko stendi anagombania abiria na wenzake.

Akawekwa mlinzi mwingine. Mwezi uliofuata elfu 30 ikaisha vilevile.

Ndipo akaletwa fundi na kidude cha kupimia, kile unachomeka kwenye soketi kinakuonyesha wati. Nawapa alichokuta, tupige pamoja. Kamera nne, kila moja wati 5, jumla 20. Mashine ya kurekodi 10. Ruta 8. King'amuzi 12, kiliachwa kwenye usingizi wake wa uongo tangu Januari. Balbu janja 12 zilizozimwa kwa simu, kila moja inakula kama nusu wati kungojea amri, weka 5. Spika mbili na TV vinavyosubiri, pamoja weka 5. Jumla wati 60. Unaona ndogo, sivyo? Balbu moja ya zamani ya glopu. Lakini glopu unaizima ukienda kulala. Hizi wati 60 haziondoki saa 24, siku 30. Hiyo ni uniti 43 kwa mwezi. Ongeza taa nne za nje za wati 9 zinazowaka saa 12 usiku, uniti 13. Ongeza na friji kubwa lililoachwa linawaka, ndani kuna chupa mbili za maji na limau lililokauka. Friji kama lile linameza karibu uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi.

Jumla uniti 86. Nyumba tupu! Imevuka 75 bila mtu kuchemsha hata chai. Na kwa bei ya T1, uniti 86 ni shilingi elfu 30 na mia sita. Elfu 30 ya bosi ilikuwa inatumika vizuri kabisa, na iliyeila ni nyumba.

Dogo hajaombwa radhi mpaka leo. Nasikia baba mdogo alituma salamu na noti ya elfu kumi kupitia kwa bibi, ikarudishwa.

Hii ndiyo sababu nasema tusiishie kuangalia bei ya kifaa dukani. Uniti 43 za kusubiri kwa mwezi, kwa T1, ni kama 15,300. Kwa mwaka ni zaidi ya laki moja na elfu 80. Na hapo sijaweka bando, maana kamera bila intaneti ni pambo tu. Kuna watu kijijini hapo hapo ambao mwezi mzima hawafiki uniti 43 na ndani kuna watoto, redio, TV na pasi.

Ila tuwe waungwana, vifaa hivi havina dhambi zote. Balbu janja inatangazwa kuwa inapunguza bili, na ni kweli inapunguza, lakini kinachopunguza si ujanja wake. Ni LED iliyo ndani. Glopu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku ni uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 kwa saa zile zile ni uniti 1.35. LED ya kawaida ya dukani inakupa karibu faida yote hiyo, na ukiizima imezimika kweli. Ile janja ukiifunga stoo, unakoingia nusu saa kwa siku, itakula zaidi ikiwa imezimwa kuliko ikiwaka. Piga mwenyewe: wati 9 kwa nusu saa ni 4.5. Karibu nusu wati kwa saa 23 na nusu ni kama 10. Balbu inayokula mara mbili ikiwa gizani, hiyo nayo ni staili.

Ujanja wenye faida uko kwenye vitu vya moto. Kitu chochote kinachochemsha ndicho mla umeme mkubwa. Ile heta ya bafuni inayochemsha papo kwa papo ni kilowati 5. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.83, karibu shilingi 300 kwa T1. Kila siku kwa mwezi ni uniti 25 kwa mtu mmoja, na kwa mvua na baridi ya Bukoba nani anakubali kutoka baada ya dakika kumi? Swichi inayojizima yenyewe kwenye heta ya tangi, hiyo ndiyo pesa. Na kwa upande mwingine jiko la presha la umeme, ambalo akina mama waliliogopa kwa sababu ya neno umeme, linaivisha maharage kwa kama nusu uniti. Shilingi 178. Nenda kaulize gunia la mkaa sasa hivi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi nasema ebitooke kwenye presha vinaiva, asikudanganye mtu.

Na hatuwezi kuongelea umeme wa huku bila senene. Zamani senene waliokotwa alfajiri kwa mkono, akina mama na watoto kwenye majani yenye umande. Umeme ulipofika mtu akagundua kwamba senene wanapenda mwanga, na biashara ikabadilika. Siku hizi msimu ukifika unaona mabati yamesimamishwa, mapipa chini, na balbu kubwa juu zinazomulika mpaka mtaa wa pili hawalali. Balbu ya wati 400 kwa saa 12 ni uniti 4.8, kama 1,700 kwa usiku mmoja, na mwenye mtego haweki balbu moja. Senene wakija anacheka. Wasipokuja, amelipia mwanga wa kumulika mvua. Ni kamari, lakini angalau mwenye mtego anajua anacheza kamari. Ziwani nako, visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, dagaa walivuliwa kwa karabai za mafuta ya taa miaka mingi, sasa ni taa za LED zenye betri na sola. Huko LED haikuja kama fasheni. Ilikuja kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanamaliza faida ya boti.

Turudi mtaani, Kashai na Hamugembe, kwenye LUKU ya kushea. Hapa ndipo damu inapochemka. Wapangaji sita, mita moja, kila mtu anatoa elfu tano. Wa chumba cha kwanza ana feni na simu. Wa tatu ana friji. Wa sita, dada mmoja wa vipodozi jina kapuni, kanunua taa za kubadilisha rangi na spika ya kuongelesha, na wote wanamwandama yeye kwa sababu vitu vyake vinaonekana. Kumbe taa zake zote pamoja hazifiki robo ya friji la yule kaka mpole wa chumba cha tatu asiyesema kitu. Watu wanahukumu umeme kwa kuangalia rangi. Na wanagombania chaji za simu! Kuchaji simu mara moja ni kama uniti 0.02, shilingi 7 kwa T1. Mwenye kibanda kijijini asikokuwa na umeme mtu analipa shilingi 200 kwa chaji hiyo hiyo, ambayo ukiigeuza ni kama kununua uniti kwa 10,000. Maskini ndiye aliyenunua umeme ghali kuliko wote nchi hii, na ndiyo maana Wakala wa Nishati Vijijini, REA, sheria yake ya 2005 na kazi kuanza 2007, ulipoanza kufikisha nguzo na kuunganishia vijiji kwa elfu 27, watu walipiga vigelegele kihalali.

Nyumba za kufungwa zilipata pigo lingine 2024, na hii ni historia ya kompyuta ambayo iliwapita wengi. Mita za LUKU zinatumia mfumo wa kimataifa ambao kila tokeni inabeba muda ndani yake, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhifadhia hizo dakika ilikuwa na mwisho, dakika milioni 16.7 na ushee, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana ukinunua umeme mwaka ule ulikuwa unapewa tarakimu nyingi ajabu, mafungu mawili ya kuamsha mita kwanza, kisha fungu la umeme. Mita isiyoamshwa haikubali tokeni mpya. Sasa fikiria jumba la miezi 11, mlinzi kafukuzwa, funguo ziko Dar. Mwenye nyumba kafika Krismasi na wageni, kanunua umeme wa laki, mita inamwambia hapana. Na kodi ya jengo nayo, iliyoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na baadaye ikapanda mpaka 1,500, inamsubiri. Kumbe siyo vifaa tu vinavyojua kusubiri.

Huko mbele mambo yanabadilika. Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera kule Ngara, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa. Kuna mradi wa Kakono, megawati 87.8, mto huo huo. Na ipo laini kubwa ya kilovoti 220 kutoka Benaco mpaka Kyaka, ya kuiunga Kagera na gridi ya taifa. Ikikamilika, Kyaka itapokea umeme kutoka pande mbili, wa Jinja na wa nyumbani, na ule wa Rufiji, wa kwenye pori la yule mzee aliyekuja kutuzimia mlingoti, utafika Bukoba baada ya zaidi ya miaka 100. Bei ya uniti haitabadilika kwa sababu hiyo, maana bei ni moja nchi nzima. Kinachotarajiwa kupungua ni zile katika-katika za saa moja usiku ambazo zinaua friji na king'amuzi.

Sasa naomba kitu. Kama una mzazi au bibi anayekumbuka Bukoba ya jenereta, taa zilikuwa zinazimwa saa ngapi na nani alikuwa anaunganishiwa kwanza, andika hapo chini. Na kama una jumba limefungwa Muleba, kabla hujampigia dogo simu ya matusi, mwambie kwanza aende sebuleni achomoe king'amuzi.